Kadi ya Mwalimu Ni Jiwe la Kusagia

Katika nchi yetu iko benki isiyo na mlango, wala kibao, wala karani. Haina ruhusa ya serikali, lakini kila mtu wa mshahara aijua. Watu huiita Banque Lambert. Jina hilo lilikuwa la benki ya Ubelgiji. Lakini sisi hatusemi habari za Wabelgiji. Twasema habari za wakopeshaji wa mitaani kwetu, wanaompa mtu fedha kabla ya siku ya mshahara. Kati yao wamo Wakristu wenzetu, tena wengine huketi mabenchi ya mbele siku ya Dominika. Kwa hiyo neno hili halifai kunong'onwa. Lazima lisemwe wazi.

Kazi yao ni hii. Mwalimu apatwa na shida katikati ya mwezi: mtoto ameshikwa na malaria kali, damu imepungua, hospitali yataka fedha. Mshahara bado. Aenda kwa mkopeshaji, apewa faranga 100,000, kwa sharti arudishe 150,000 siku ya mshahara. Hiyo ni riba ya 50 kwa mia kwa mwezi mmoja. Wengine hutoza 30 kwa mia, nao hujiita wapole. Na ili mdeni asitoroke, wako wanaochukua kadi yake ya benki pamoja na namba yake ya siri. Siku ya malipo ikifika, mkopeshaji ndiye aendaye kupokea jasho la mwalimu.

Tupige hesabu kama watoto wa shule. Mwalimu akishindwa kulipa yote, hulipa riba tu, faranga 50,000, na deni la 100,000 labaki palepale. Akifanya hivyo miezi 12, amekwisha kutoa 600,000, na bado adaiwa 100,000 kamili kama siku ya kwanza. Mtoto alipona zamani. Baba yake ndiye angali mgonjwa. Wazee hawakukosea waliposema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Mtu asiseme kwamba shida hii yatoka katika uvivu wa waalimu. Tangu mwaka 2011 serikali ilianza kupitisha mishahara ya watumishi wake katika mabenki. Jambo hilo lina wema wake, kwa kuwa lilipunguza mikono iliyokuwa ikimega fedha njiani. Lakini benki haikai kila kijiji, na mwalimu wa milima ya Lulenge au wa Ngandja hupoteza siku na nauli akifuata mshahara wake. Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali hazilipishwi ada. Ni haki ya watoto. Lakini nyongeza waliyoizoea waalimu kutoka kwa wazazi ikakatika. Tena Februari 2025, mji wa Bukavu ulipoingia mikononi mwa M23, mabenki ya mji yakafunga milango, na watu wenye fedha yao ndani wakabaki mikono mitupu. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, laagiza kibarua alipwe kabla jua halijatua. Wanaochelewesha mishahara wajue kwamba agizo hilo lawahusu, hata kama wanakaa mbali katika ofisi kubwa.

Lakini kosa la serikali halimpi jirani ruhusa ya kumnyonya jirani. Tuwasikilize wakopeshaji wenyewe, tuwajibu.

Wa kwanza husema: “Mimi sikumwita. Alikuja mwenyewe, akakubali mwenyewe.” Kweli alikuja. Hata mtu anayezama katika ziwa Tanganyika hukubali bei yoyote ya kamba. Je, ukimtupia kamba kwa malipo ya mtumbwi wake na nyavu zake, utasema mlipatana? Hata sheria ya Kongo haikubali neno hilo: kifungu cha 96 bis cha sheria ya makosa chamwadhibu mtu atumiaye shida au ujinga wa mkopaji ili ajipatie riba inayopita kiasi.

Wa pili husema: “Fedha yangu yaingia hatarini, hatari ina malipo yake.” Kanisa lajua jambo hilo. Papa Benedikto XIV, katika barua yake Vix pervenit ya mwaka 1745, alifundisha kwamba kudai faida kwa sababu ya mkopo wenyewe tu ni dhambi ya riba. Alikiri pia kwamba pengine huwapo sababu nyingine ya haki ya kudai kitu juu ya mkopo. Nao walimu wa Kanisa huhesabu hapo hasara ya kweli iliyompata mkopeshaji. Vema. Basi, twakuuliza, hasara yako ni ipi? Umeshika kadi, umeshika namba ya siri, mshahara wapitia mkononi mwako kwanza. Mwenye hatari ni wale watoto watakaolala njaa.

Wa tatu husema: “Benki nazo hutoza riba.” Ndiyo, hutoza. Lakini benki ya haki huandika mapema kiasi cha riba na siku ya mwisho, hukata sehemu yake katika mshahara, humwachia mtu iliyobaki, na deni lina mwisho. Wewe hukuandika kitu, na deni lako halina mwisho. Tena hata benki ikizidi kiasi, dhambi ya mwingine haikutakasi wewe. Someni kitabu cha Nehemia, sura ya 5. Wayahudi maskini walikuwa wameweka rehani mashamba na nyumba kwa ndugu zao ili wapate nafaka. Nehemia akakasirika, akawakusanya wakubwa, akawaagiza warudishe yote, pamoja na sehemu ya mia ya fedha waliyotoza. Wafafanuzi wengi huieleza kuwa ni 1 kwa mia kila mwezi. Kama Nehemia alikasirikia 1, angesema nini akifika soko la Baraka akakuta 50?

Na Torati, katika sura ile ile ya 24, yakataza kuchukua rehani jiwe la kusagia, maana ni kuchukua uhai wa mtu. Mama asiye na jiwe hana unga. Kadi ya mwalimu ndiyo jiwe lake la kusagia. Aliyeishika ameshika sufuria ya nyumba nzima.

Nawe unayekopa, sikia neno lako. Kukopa kwa ajili ya mgonjwa si aibu. Kukopa ili watu wasifu bia ya komunyo ya kwanza ni kujifunga kamba mwenyewe. Ukiwa na lazima, na benki yako ikikubali kukupa sehemu ya mshahara mapema, uliza kwanza mambo matatu: nitarudisha jumla ngapi? Lini nitamaliza? Mshahara ukichelewa itakuwaje? Asiyekujibu wazi, usitie sahihi kwake.

Lakini kukemea tu hakuponyi mgonjwa. Katika Kivu ya Kusini vyama vya kusaidiana viitwavyo MUSO vyajulikana. Vina masanduku matatu. La kijani ni la akiba na mikopo ya wanachama. La buluu ni la fedha itokayo nje. Jekundu ni la ugonjwa, kifo na ajali. Basi twadai jambo moja: kila shirika la parokia zetu liwe na sanduku jekundu. Watu 30 wakitoa faranga 1,000 kila juma, katika majuma manne yapatikana 120,000. Yule mwalimu wa faranga 100,000 angepata msaada bila kumpa mtu kadi yake. Funguo zikae kwa watu mbalimbali, na hesabu isomwe mbele ya wote. Si jambo geni katika Kanisa: mwaka 1462, huko Perugia katika Italia, Wafransisko walianzisha nyumba ya mikopo ili maskini waponyoke katika mikono ya wala riba.

Tarehe 18 Agosti 2024, huko Uvira, Kanisa liliwatangaza Wenyeheri mapadri Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Albert Joubert, na Bruda Vittorio Faccin, waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964. Wao walitoa uhai kwa ajili ya watu wa nchi hii; sisi tutakulaje mshahara wa watu hao hao?

Basi wewe uliyefungia kadi ya ndugu yako sandukuni, mrudishie kabla ya Dominika ijayo. Kisha hesabu riba uliyotwaa, umrudishie nayo. Zakayo alirudisha mara nne. Wewe anza na ile moja.