Baa za Kikoloni Hazikuzaa Usawa

Hekaya hii inapendwa mno: kwamba kabla Marekani haijawa taifa, baa zake ziliwaketisha tajiri na fundi viatu meza moja, wakajadili siasa kama ndugu, na uhuru ukazaliwa humo. Kweli, mwaka 1769 gavana wa Virginia alipolivunja baraza la wawakilishi, wajumbe walihamia Raleigh Tavern mjini Williamsburg, wakakubaliana kususia bidhaa za Uingereza. Lakini mbele ya mlango wa baa hiyohiyo watu weusi walinadiwa pamoja na mashamba, na minada ikatangazwa gazetini bila haya.

Baa ya kikoloni ilikuwa mkono wa serikali. Massachusetts, koloni la Wapuritani tunaodhani waliichukia pombe, mwaka 1656 iliagiza kila mji uwe na nyumba ya kuwahudumia wasafiri, la sivyo utozwe faini. Kesi zilisikilizwa kwenye baa, na Boston ilianza kupokelea barua za ng'ambo katika nyumba ya muuza vinywaji, Richard Fairbanks, mwaka 1639. Ndiyo maana leseni ilikuwa na uzito: aliyeitoa aliamua nani auze na nani anywe. Makoloni mengi yalikataza kuwauzia pombe watumwa na wanagenzi bila idhini ya mabwana zao, na wenyeji wa asili pia walizuiwa. (Mkazi wa zamani wa Pumwani, mtaa wa Nairobi, angeielewa mara moja hesabu hii, kwani wakati wa ukoloni manispaa ya mji huo nayo ilihodhi uuzaji wa pombe kwa Waafrika.) Usawa gani huo unaoanza kwa kuchagua watu mlangoni?

Wapo watakaonikumbusha wajane wa Boston waliopewa leseni. Walipewa, ila mara nyingi ni ili wasiwe mzigo kwa mfuko wa maskini wa mji. Huo ni ubahili wenye busara, basi.

Hoja nzito zaidi ni kwamba sheria ilivunjwa kila siku. Ilivunjwa, naam, na New York ilionyesha malipo yake. Mwenye baa mmoja mjini humo, John Hughson, aliwauzia watumwa vinywaji, wakaketi na Wazungu maskini. Alipokea pia mali ya wizi, hakuwa mtakatifu. Mwaka 1741, baada ya moto kuzuka mara kadhaa mjini, baa yake ilitajwa kuwa kitovu cha njama ambayo wanahistoria wanaibishania hadi leo. Hughson na mkewe walinyongwa. Watu weusi wapatao 30 waliuawa, 13 kati yao kwa kuchomwa moto wakiwa hai.