Riba Isiyofika Kihesa

Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania iliacha kuendesha sera ya fedha kwa kulenga ujazi wa fedha, ikaanza kutumia riba. Riba ya Benki Kuu ilianzia asilimia 5.5, na Aprili mwaka huo ikapandishwa hadi asilimia 6. Mantiki yake inaeleweka: riba hiyo ikibadilika, hubadilika gharama ya mabenki kukopeshana, kisha riba anayotozwa mkopaji, na hatimaye bei sokoni.

Je, mnyororo huo unafika Kihesa?

Mwaka 2012 watafiti Prachi Mishra, Peter Montiel na Antonio Spilimbergo walieleza kwa nini katika nchi za kipato cha chini mnyororo huo hulegea: sekta rasmi ya fedha ni ndogo na ushindani wa mabenki ni hafifu. Mwaka 2013 Hélène Rey akaonesha kwamba mzunguko wa fedha duniani, unaosukumwa kwa kiasi kikubwa na sera ya Marekani, huyapunguzia mataifa mengine uhuru wa kujipangia sera.

Yote mawili tumeyaona. Kati ya Machi 2022 na Julai 2023 Marekani ilipandisha riba yake kutoka karibu na sifuri hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.5. Hapa nchini dola ziliadimika na shilingi ikashuka thamani. Mkulima wa mahindi wa Iringa hakukopa dola hata moja, lakini sehemu kubwa ya mbolea yake huagizwa kwa dola.

Tuje mtaani. Mabenki hukopesha kwa wastani wa takriban asilimia 15 kwa mwaka. Muuza nyanya asiye na dhamana haioni riba hiyo. Akikosa fedha za VICOBA, hukimbilia mikopo ambayo wananchi wameiita “kausha damu”. Tuseme amepewa shilingi 100,000 na baada ya mwezi arejeshe 130,000: hiyo ni asilimia 30 kwa mwezi, yaani 360 kwa mwaka. Kwake, nusu asilimia ya Aprili 2024 ni tone baharini.

Kilichomgusa ni kingine. Mwaka 2023 Serikali ilisitisha mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, hadi ilipoirejesha mwaka 2024. Zilikuwapo sababu za kurekebisha usimamizi wake. Hata hivyo, kwa aliyeitegemea, huko ndiko kubanwa kwa fedha, ingawa hakuna kamati ya sera ya fedha iliyokutana kukuamua.

Sisemi Benki Kuu imeshindwa. Mwaka 2024 mfumuko wa bei ulikuwa karibu asilimia 3, na utulivu huo humlinda maskini kuliko yeyote. Ninachosema ni kwamba tasnifu zetu hupima sera kwa riba za mabenki, kisha humweka nje ya hesabu mtu anayelipa riba kubwa kuliko wote.

Wanafunzi wangu, anzieni kwenye madaftari ya VICOBA, kwa ridhaa ya wenyewe. Nanyi watumishi wa halmashauri, wekeni wazi kumbukumbu za mikopo ya vikundi. Bila takwimu hizo, tutaendelea kujadili bei ya fedha bila kujua mwananchi wa Kihesa anainunua kwa kiasi gani.