Masurufu ya Ugenini
Askari wa Kinyinya atumwaye Geneva, Uswisi, hubeba masurufu ambayo hata jamaa aliowaacha nyumbani wanayatazamia. Mlo mmoja wa jioni mkahawani huyapunguza mno. Basi na ale chakula chake kikuu adhuhuri, wakati mikahawa mingi huandaa “plat du jour”, yaani chakula cha siku, kwa bei nafuu zaidi. Bakshishi si wajibu. Tangu mwaka 1974 ujira wa utumishi umo ndani ya hesabu. Maji asinunue: mabomba ya hadharani hutoa maji safi ya kunywa, isipokuwa penye kibao “Eau non potable”. Kujibana hivyo si aibu. Faranga iliyosalimika Geneva huwa daftari la mtoto Kinyinya.