Jumapili ya Bamako

Kila mwaka wa masomo unapoanza, swali hili halikosi kuzuka mezani: je, frateri asikilize miziki ya kidunia? Wapo wanaojibu kwa mkato kwamba zaburi na kwaya zatutosha. Sisi wa falsafa tumezoea kudaiana mifano, na mfano wetu ni albamu iliyotoka mwaka 2004, Dimanche à Bamako, yaani Jumapili jijini Bamako. Ni kazi ya wanandoa wawili wa Mali: Amadou Bagayoko, mpiga gitaa na mwimbaji, na mkewe Mariam Doumbia, mwimbaji. Mtayarishaji alikuwa Manu Chao, mwanamuziki wa Ufaransa.

Si muziki wa kusindikiza tafakari, tuseme ukweli. Katika wimbo Coulibaly gitaa la umeme linakimbia kama bodaboda isiyo na breki, na makelele ya mitaani yamo humo humo. Amadou alipitia Les Ambassadeurs, bendi maarufu ya Bamako ya miaka ya 1970, na mwenye kupenda dansi la zamani atamtambua mara moja mtu aliyekomaa jukwaani. Hata hivyo, nyimbo ni 15, na mkono wa Manu Chao unarudia vionjo vile vile. Tungekuwa sisi, tungepunguza tatu.

Kwa nini Jumapili? Kwa sababu Bamako Jumapili ni siku ya harusi, na wimbo Beaux Dimanches unahusu jambo hilo hilo. Huku kwetu harusi ni Jumamosi, na mpaka ifike, kamati imeshakaa vikao kumi kuhusu michango, ukumbi na keki. Katika wimbo ule tunasikia ndugu, majirani na ngoma, basi. Sisi tutakaofungisha ndoa za watu tunahitaji kusikia wanachokifurahia, la sivyo tutahubiri ndoa kama orodha ya vizuizi.

Wenzetu wanamtaja Mtakatifu Agostino. Kweli, katika kitabu cha kumi cha Maungamo analalamika kwamba pengine uimbaji humgusa kuliko kile kinachoimbwa. Lakini hapo alikuwa anazungumzia nyimbo za kanisani, na bado hakutaka desturi ya kuimba iondolewe. Akipimwa kwa kipimo hicho, Amadou hana wasiwasi. Anaimba juu ya malori yanayoendeshwa kihuni barabarani, juu ya siasa, juu ya harusi, na msikilizaji anapelekwa huko huko.

Lakini lililotufanya tuandike ni jingine. Amadou na Mariam wote wawili walikuwa hawaoni. Mariam alipoteza uwezo wa kuona akiwa mtoto wa miaka mitano, kwa sababu ya surua. Amadou akiwa kijana wa miaka 16, kwa mtoto wa jicho. Walikutana katika taasisi ya vijana wasioona ya Bamako, wakafunga ndoa mwaka 1980 na kupata watoto watatu. Katika albamu nzima hatusikii mahali wanapoomba huruma. Wanachezesha watu.

Sasa tuangalie parokiani. Asiyeona tunamjua kwa mkeka wake karibu na mlango wa kanisa, siku ya Jumapili, na sarafu zetu tunapotoka Misani. Akitaka kuoa, maneno huanza: nani atampikia, nani atamwangalia mtoto? Na akitaka kumwoa asiyeona mwenzake, ukoo mzima huitisha kikao cha kumzuia, na wakati mwingine katekista huketi upande wa ukoo. Kanuni ya 1058 ya Sheria ya Kanisa inasema wote wanaweza kufunga ndoa, isipokuwa wale wanaokatazwa na sheria. Tumepitia vizuizi vyote vilivyotajwa mbele yake na upofu haumo. Atakayepeleka jina lake kutangazwa kanisani ana haki yake kama mkristo mwingine yeyote, na paroko anayesitasita kwa sababu ya macho anaongeza kizuizi ambacho Kanisa halikukiweka. Tunasema hivi tukijua kwamba miaka michache ijayo tutakuwa sisi tulioketi kwenye kiti hicho cha ofisi ya parokia.

Katika sherehe ya kufunga Michezo ya Paralimpiki jijini Paris mwaka 2024, wawili hao walisimama kuimba mbele ya dunia. Amadou alifariki Aprili 4, 2025, akiwa na umri wa miaka 70. Walikuwa wameishi katika ndoa miaka 45 hivi.

Jumapili hii baada ya chakula cha mchana, zamu ya kuchagua muziki katika chumba cha mapumziko ni ya mwaka wa pili. Tumeshaomba waanze na Beaux Dimanches, na wasipunguze sauti.