Daftari la Chini ya Godoro



Sifa zote njema ni za Allah (SWT), na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (SAW), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, juma hili ukumbi wetu hauna budi kuanza kwa kukiri kosa. Tulimpa mama mmoja nasaha ya haraka, na haraka, kama tulivyofunzwa na wazee wetu, haina baraka.

Mama huyo, mkaazi wa Mji wa Kale hapa Mombasa, alitujia baada ya darsa ya akina mama. Alikuwa akitandika kitanda cha binti yake, aliyemaliza Kidato cha Nne mwaka uliopita, akakuta madaftari matatu chini ya godoro. Hamkuwa na barua za siri wala jambo la aibu. Mlikuwa na picha: mamia ya picha za penseli, kila ukurasa na picha yake pembeni, kila moja ikifanana na iliyotangulia isipokuwa kwa tofauti ndogo mno. Binti alipoulizwa alijibu kwamba anajifunza uhuishaji, yaani ufundi wa kutengeneza katuni zinazokwenda, na kwamba anatamani kuusomea chuoni.

"Dada zangu," mama akatuambia, "neno lenyewe limenitia hofu. Kuhuisha si kutia uhai? Na mwenye kutia uhai si Mola peke yake?"

Nasi, bila hata kulifungua daftari moja alilokuja nalo mkobani, tukamjibu: mchukulie madaftari hayo, umwelekeze kwenye somo lenye manufaa. Mama akatii. Siku ya nne akatupigia simu. Binti hakugomba wala hakulia, bali amenyamaza. Anasali, anapika, anaosha vyombo, na kila akiulizwa hujibu "Naam, mama," kisha hana neno jingine. Hapo tukatambua kwamba tumehukumu kitu tusichokitazama.

Jambo la kwanza tulilolifanya ni kumwendea sheikh wetu, jambo ambalo lilipasa kutangulia. Hatukuja hapa kutoa fatwa, kwani hilo lina wenyewe; tunanukulu maana tu ya tuliyoelezwa. Hofu ya yule mama ina msingi. Zipo hadithi sahihi zenye makemeo makali kwa wenye kuchora viumbe vyenye roho, na wanazuoni wengi wa kale, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Imam Shafi, walilichukulia jambo hili kwa uzito mkubwa. Imepokewa kwamba Abdallah bin Abbas (RA) alipojiwa na mtu ambaye riziki yake ilikuwa ni kuchora, alimwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Hakumwambia aitupe kalamu yake. Alimwonesha pa kuielekeza.

Sheikh akatukumbusha pia kwamba Bibi Aisha (RA) alikuwa na wanasesere aliowachezea nyumbani kwa Mtume (SAW), naye Mtume hakumkataza. Kutokana na hilo wanazuoni wengi waliruhusu vya watoto, na baadhi ya wanazuoni wa zama zetu wameipimia hapo katuni yenye mafunzo kwa watoto. Wapo waliotofautisha sanamu yenye kivuli na picha bapa ya karatasini. Wapo waliosema kuwa umbo lililopungukiwa na kile ambacho kiumbe hawezi kuishi bila ya hicho haliingii katika katazo. Na wapo wanaokataza kwa jumla, nao tunawaheshimu. "Basi," akasema sheikh, "kabla hamjaniuliza hukumu, nielezeni huyo mtoto anachora nini hasa." Tukaona haya, kwa kuwa jibu hatukuwa nalo.

Alasiri ya siku ya pili tukaenda nyumbani kwao. Tuliketi mkekani, mama akaleta chai na mahamri, binti akaitwa. Alisalimu kwa adabu na macho yake chini. Tukamwambia, "Mwanetu, tumekosea. Tufunze unachojifunza." Alitazama kwanza uso wa mama yake, na mama alipoitikia kwa kichwa, akayatoa madaftari.

Daftari la kwanza halikuwa na kiumbe hata kimoja. Lilikuwa na mpira unaodunda, ukurasa baada ya ukurasa. Alitueleza kwamba filamu hupitisha fremu 24 kwa sekunde moja, na kwamba kwa kawaida mchoro mmoja hushikwa kwa fremu mbili, hivyo sekunde moja huhitaji michoro 12. Dakika moja, basi, ni michoro 720. Mpira unapofika juu huenda polepole, kwa hiyo michoro hubanana. Unaposhuka hushika kasi, michoro ikaachana. Ukigusa ardhi hubonyea, ukiruka hurefuka, lakini ujazo wake haubadiliki. Alikuwa ameurudia mpira huo mara 30 hadi ukaonekana mzito kama wa mpira wa miguu, kisha mara nyingine 20 hadi ukaonekana mwepesi kama wa karatasi. Alikuwa amejifunza hayo kutokana na kanuni 12 zilizoandikwa na wachoraji wawili wa Marekani, Frank Thomas na Ollie Johnston, katika kitabu chao cha mwaka 1981 ambacho wanafunzi wa fani hii hukitegemea hadi leo.

Daftari la pili lilikuwa na gunia la unga. Hili ni zoezi la zamani katika fani: gunia lililojaa nusu, lisilo na macho, mdomo wala mikono, na mwanafunzi hutakiwa alifanye lionekane limefurahi, limechoka, au limeona haya. Tulilitazama gunia la binti huyu likiinamisha pembe zake mbili za juu na kujikunja kiunoni, na mmoja wetu akasema bila kufikiri, "Maskini, limegombezwa." Binti akacheka. Mama yake akatuambia baadaye kwamba hicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu wiki ile ianze. Gunia halina uso, na bado lilituambia hali yake. Ndivyo alivyofanya pia bibi mmoja wa Ujerumani, Lotte Reiniger, aliyekata maumbo ya karatasi nyeusi kwa mkasi na kutoa mwaka 1926 filamu ndefu kutokana na hadithi za Alfu Lela Ulela. Watu wake ni vivuli vitupu, na mtazamaji huwatambua kwa jinsi wanavyoinama na kunyoosha mikono.

Daftari la tatu mama hakuwa amelifungua. Alipoliona lile la mpira alikuwa ameshaingiwa na hofu, akayafunga yote kwenye mfuko. Binti alisita, kisha akashika pembe ya kurasa na kuziachia haraka kwa kidole gumba.

Mwanamke mwenye buibui alipanda ngazi. Uso wake ulikuwa mtupu. Aliweka mguu wa kulia, akashika goti kwa mkono, mwili ukashuka kupokea uzito, mguu wa pili ukapita, mwili ukainuka. Kila baada ya ngazi mbili alisimama na kugeuza kichwa kidogo, kama anayesikiliza kama kuna anayemfuata. Aliposimama, ncha ya buibui haikusimama naye. Iliendelea kidogo, kisha ikatulia.

Mama wa watu akashika mdomo. "Mama yangu," akasema. "Huyu ni mama yangu."

Nyanya wa binti huyo alifariki miaka miwili iliyopita, Allah amrehemu na aipanue kaburi yake. Aliishi ghorofa ya pili katika nyumba ile ile, na kila siku alipanda ngazi zile akitoka kuwatazama majirani. Binti hakuchora sura yake. Alichora mwendo wake, na mwendo ule ulitosha kumtambulisha kwa mwanawe.

Hapo ndipo tulipofahamu kiini cha elimu hii. Mwanafunzi wa uhuishaji hafunzwi kwanza kuchora, hufunzwa kutazama. Hukaa barazani au Marikiti akatazama jinsi hamali anavyousukuma mkokoteni, kwamba mgongo hutangulia kabla ya mguu. Jinsi mtoto anayejifunza kutembea anavyonyanyua mikono. Jinsi mtu mwenye huzuni anavyopokea kikombe. Binti huyu alikuwa amemtazama nyanya yake kwa makini kuliko sote tuliopita naye ngazini. Nasi tuliokuwa na daftari mkononi hatukulifungua.

Wasomaji wengine watauliza kama fani hii ina nafasi kwa watu wenye mila kama zetu. Wapo miongoni mwenu wenye jamaa Ghuba ambao wameitazama Freej, katuni ya Dubai iliyoanza kuoneshwa mwezi wa Ramadhani mwaka 2006. Jina lake maana yake ni mtaa. Mwanzilishi wake, Mohammed Saeed Harib, aliipata fikra hiyo mwaka 1998 akiwa bado mwanafunzi Boston, Marekani. Wahusika wake wakuu si mashujaa wenye panga; ni wazee wanne wa kike, Um Saeed, Um Saloom, Um Allawi na Um Khammas, wanaokaa mtaa wa zamani huku mji mkubwa ukiota pembeni mwao. Wote wamevaa barakoa, vazi ambalo wazee wa Pwani wenye asili ya Omani walilijua vyema. Uso umefunikwa, na bado kila mtoto humjua Um Saeed kwa utulivu wake na Um Khammas kwa makelele yake. Karibu na kwetu, Tinga Tinga Tales, hadithi za wanyama zilizooneshwa kwenye televisheni ya Uingereza, zilichorwa Nairobi; na Tanzania tangu mwaka 2014 Ubongo Kids imekuwa ikifundisha watoto hisabati na sayansi kwa Kiswahili. Kama watoto wetu watatazama katuni, na hakika wanazitazama, ni bora baadhi yake zichorwe na wanaoijua adabu ya nyumba zetu.

Pamoja na hayo, hatutaki kuwatoa wazazi kosa moja tukawatia jingine. Mtoto mwenye kipaji hiki anahitaji mzazi mwenye kuuliza. Ulizeni kwanza kwa sheikh mnayemwamini, mkiwa na michoro mikononi, si kwa kusimulia. Mkiridhika, ulizeni chuo kabla ya kulipa ada. Vyuo vingi vya Ulaya na Marekani hufundisha umbo la mwanadamu kwa kumchora mtu asiye na nguo. Hili kwetu halina mjadala, na mwanafunzi ana haki ya kuuliza mapema kama ataruhusiwa kujifunza kwa mtu aliyevaa, kwa mifupa ya mfano, kwa mikono na miguu, na kwa wanyama. Ulizeni pia kazi zenyewe ni za kusimulia nini, kwani mkono unaoweza kuchora jema unaweza kuchora ovu.

Ndani ya nyumba, msikimbilie kununua mitambo ya gharama. Mwaka wa kwanza hutosha kwa penseli, daftari, na kioo kilichowekewa taa kwa chini ili mchoro wa jana uonekane chini ya wa leo. Programu kama Krita na Blender hupatikana bila malipo, na simu ya kawaida hupiga picha za michoro na kuziunganisha. Kinachohitaji ulinzi ni wakati. Michoro 720 kwa dakika moja ya hadithi ni kazi ya kuinama kwa saa nyingi, na mwenye kuinama husahau kula, kulala, hata adhana. Mkubaliane mapema: adhana ikisikika, penseli huwekwa chini. Binti huyu alituambia kuwa mapumziko hayo humfaa, kwani akirejea huona makosa aliyokuwa hayaoni.

Sheikh alipoelezwa yote alimwita baba kwa simu, kwa kuwa baba yuko kazini Doha, wakazungumza kwa muda mrefu. Ushauri wake kwa familia ile ni binti aendelee na mazoezi yasiyo na nyuso, achore hadithi za kufunza watoto wadogo, na wakutane tena baada ya miezi sita ndipo waamue juu ya chuo. Baba, hadi tunaandika haya, hajatoa neno la mwisho. Ameomba tu atumiwe video ya zile ngazi.

Mama ametwambia kwamba ameitazama zaidi ya mara moja kabla ya kuituma, na kila mara humwombea marehemu. Madaftari sasa yako juu ya meza, kando ya msahafu mdogo wa binti na miwani ya nyanya yake. Nasi tumejifunza kwamba mzazi akikuta kitu chini ya godoro la mtoto, akae naye chini akitazame, ukurasa baada ya ukurasa, kisha ndipo aseme.

Twamwomba Allah awajaalie watoto wetu mikono yenye manufaa na macho yenye huruma, na atusamehe sisi kwa haraka yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.