Namkemea Nani?

Jumamosi moja, darasa la kipaimara likikaribia kufungwa, kijana wa kidato cha nne alinyoosha mkono. "Mwalimu, pepo najua kumkemea. Lakini mtu akinitumia mtihani kwenye simu usiku, hapo namkemea nani?" Wenzake wakacheka. Nikamwambia aombe, nikafunga daftari, tukasali, tukatawanyika. Lilikuwa jibu la mtu anayewahi daladala. Limenikaa kooni tangu siku hiyo, na naandika haya kwa sababu najua si mimi peke yangu ninayelitoa.

Wazazi wenzangu, wazee wa kanisa, walimu, nanyi majirani mnaopishana na watoto hawa kila asubuhi wakiwa na sare: tumewafundisha mamlaka ya kiroho kama kitu cha mkesha. Kijana wetu wa miaka kumi na sita anajua kufunga na kufungua. Anaijua Luka 10 na habari zake za nyoka na nge. Anajua sauti inavyopanda ikifika saa nane za usiku. Sidharau hata kidogo, nimekesha naye mara nyingi. Kinachonisumbua ni asubuhi yake. Saa kumi na mbili yuko kituoni, konda anamsukuma mwanafunzi mdogo arudi chini kwa sababu nauli ya mwanafunzi haina faida. Saa nne kuna picha ya binti wa darasani inazungushwa kwenye kundi la WhatsApp. Jioni kuna mwenzake anayemwonyesha mkeka wa kubeti na kumwambia ni elfu moja tu. Huko kote mamlaka ya usiku imelala.

Neno lenyewe limechoshwa na ofisi. Ukitamka mamlaka, Mtanzania anafikiria Mapato, Bandari, Maji: mhuri, foleni, na mtu anayeweza kukukatia huduma. Basi kijana akiambiwa ana mamlaka, anadhani amekabidhiwa mhuri. Danieli alikuwa kijana pia, tena mateka katika nchi ya ugenini, na alipoletewa chakula cha mfalme hakupaza sauti. Alimwendea msimamizi kwa adabu akaomba wajaribiwe siku kumi kwa mboga na maji. Alijua aseme nini na amwambie nani. Tena alikuwa na wenzake watatu. Hao watatu tunawasahau tukihubiri habari hii, na mimi nitarudi kwao.

Kabla ya hapo, twende Rwanda magharibi, mahali paitwapo Nyange. Aprili 1994 Watutsi walikimbilia kanisa la parokia hapo wakitafuta usalama. Kanisa likabomolewa kwa tingatinga wakiwa ndani, na waliouawa walizidi elfu moja. Padri wa parokia hiyo alihukumiwa hapa kwetu Arusha, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, na rufaa yake ikaishia kwenye kifungo cha maisha mwaka 2008. Yeye ndiye aliyekuwa na cheo, joho na funguo.

Miaka mitatu baadaye, usiku wa 18 Machi 1997, watu wenye silaha waliingia shule ya sekondari ya Nyange hiyohiyo, wanafunzi wakiwa madarasani wanajisomea. Wakaamuru Wahutu wakae huku, Watutsi kule. Wanafunzi wakakataa, jibu lao lilikuwa kwamba wote ni Wanyarwanda. Baadhi waliuawa, wengi wakajeruhiwa. Rwanda inawahesabu kati ya mashujaa wa taifa, waliokufa na waliobaki hai pamoja. Wiki sita zikapita, na alfajiri ya 30 Aprili amri ileile ikatolewa katika Seminari Ndogo ya Buta, kusini mwa Burundi. Jibu likawa lilelile. Waseminari arobaini waliuawa, Pasaka ikiwa imepita mwezi mmoja tu.

Sizileti habari hizi ili mtoto wa mtu atafute kufa. Nazileta kwa sababu ya swali moja: walijifunzia wapi? Hakuna anayeanza kujifunza kukataa siku anapoelekezewa bunduki. Burundi ilikuwa inaungua tangu Rais Melchior Ndadaye alipouawa Oktoba 1993. Vijana wa Buta, Wahutu na Watutsi, waliendelea kulala bweni moja, kula meza moja na kusali pamoja, wakati makwao watu walikuwa wanawindana. Gombera wao, Padri Zacharie Bukuru, alinusurika na ameandika kitabu juu yao. Mimi naamini kukataa kule kwa alfajiri moja kulitanguliwa na kukataa kudogo kwingi kusikoandikwa popote: utani wa kabila uliozimwa mezani, sahani iliyosogezwa kwa mwenzake, jina baya ambalo halikupata wa kulirudia. Na palikuwa na watu wazima waliowawekea meza hiyo.

Sasa tutazame meza zetu. Simu inaita, baba anaona jina la mdai wake, anampa binti: mwambie sipo. Mwaka jana binti mmoja wa darasa langu alipewa na wakala wa fedha za simu elfu ishirini zaidi ya haki yake. Akarudi akampa. Nyumbani akaitwa mjinga, na aliyemwita hivyo ni mama anayeimba kwaya. Binti alinisimulia bila kulia. Alitaka tu kujua kama amekosea. Mtoto alikwisha kukitumia kile tunachokiombea mikesha mizima, na sisi tukampokonya akiwa bado mlangoni.

Na huo mtihani wa usiku, hebu tuseme ukweli. Mtoto hana fedha za kuununua. Zinatoka kwetu, kwa jina la mchango wa masomo ya ziada, na hatuulizi sana kwa sababu hatutaki kujibiwa. Baraza la Mitihani likigundua, anayefutiwa matokeo ni mtoto.

Lipo jingine, na najua baadhi ya watumishi wenzangu hawatalipenda. Kijana mwenye mamlaka ya kiroho lazima awe na ruhusa ya kumkatalia hata mtumishi. Msichana anayeambiwa ameonekana katika maono na anatakiwa kuja kuombewa peke yake jioni, ana haki ya kusema haji, akamweleza mama, na mama akamwamini. Katika msitu wa Shakahola, Kilifi, mwaka 2023 majirani zetu Wakenya walifukua miili zaidi ya mia nne, ya watoto ikiwemo, ya waumini wanaodaiwa kuhimizwa na mhubiri wao wafunge hadi kufa. Utii usiouliza ulifikishwa huko na watu wazima. Tukiwafundisha vijana kutii tu, tumeacha nusu ya kazi, tena nusu ya hatari.

Kwa hiyo naomba tufanye mambo kadhaa, na tuyafanye kwa pamoja, kwa sababu kijana mmoja katika darasa la wanafunzi sitini hawezi kusimama peke yake. Danieli alikuwa na wale watatu.

Kubwa kuliko yote ni la mtihani. Kabla ya kidato cha nne kuingia chumba cha mtihani mwezi Novemba, wazazi wa kila shule wakutane na kukubaliana mbele ya watoto wao: hakuna anayenunua. Mzazi mmoja akinunua, hofu inawapata wengine, na hofu ya mzazi ndiyo soko la mwizi. Waislamu na Wakristo tukae kikao kimoja; wizi huu hauna dhehebu. Kijana akileta ujumbe aliotumiwa, mtu mzima aende naye hadi kwa mkuu wa shule na abaki naye hata mambo yakigeuka. Asiende peke yake, maana akishaitwa msaliti bwenini, hatarudia tena, na mimi sitamlaumu.

La pili linahusu sherehe ya kipaimara. Kamati ya ubarikio inachangisha ukumbi, keki ya ngazi tatu, MC, suti na gauni. Mwezi Januari ukimuuliza huyo aliyebarikiwa amepewa kazi gani kanisani, anasema bado. Tupunguze keki iwe ya ngazi moja (kijana hatakonda), na kila aliyebarikiwa akabidhiwe kazi ambayo asipoifanya itaonekana. Ahesabu sadaka pamoja na mtunza hazina na atie sahihi yake. Atunze orodha ya wagonjwa wa mtaa, ajue nani hajatembelewa. Akae kwenye baraza la wazee, naye aulizwe maoni yake kabla ya kufikia mengineyo, siyo baada ya kufunga kwa sala. Tunamwita Kanisa la kesho, kisha tunamkabidhi kupanga viti.

Jumuiya za mitaani, za Kikatoliki na za Kilutheri, ziwe na watu wazima wachache wanaoaminika, kila mmoja akiwafuatilia vijana wawili au watatu kwa mwaka mzima baada ya kipaimara. Wakutane nao mahali penye watu, siyo chumbani. Kazi yao isiwe kuhubiri. Wawe na maswali mawili matatu: wiki hii umekutana na nini, ulifanya nini, nani alikuwa nawe. Wenye vikundi vya wanafunzi kama UKWATA na TYCS wanajua vijana huzungumza zaidi na wenzao kuliko na sisi; basi tuvisaidie vikundi hivyo kwa nauli na kwa kuwasikiliza, bila kuviteka.

Na wazazi, tujifunze kuomba radhi. Najua mila zetu: mkubwa haombwi maelezo. Lakini siku utakayomwambia mwanao, "Jana nilikutuma useme sipo, nilikukosea," utakuwa umemfundisha zaidi ya semina ya siku tatu. Mimi nilimfuata yule kijana wa kidato cha nne nikamwambia jibu langu lilikuwa la kukimbia. Alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza kama basi nitakuja shuleni kwao siku ya kikao cha wazazi. Nikaenda. Tulifika wazazi tisa.

Darasa letu hukaa Jumamosi saa tatu asubuhi, chini ya mwembe ulio nyuma ya ofisi ya usharika, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu tutakuwa tunazungumzia mtihani, watoto kwa wazazi. Madawati yaliyopo ni ya watoto. Mtu mzima aje na kiti chake.