Utepe wa kwenye Slaidi Hauoneshi Ugonjwa

Najua nimepotea humu wiki mbili nzima, ni testi tu zilinibana, sio kwamba nimewasahau. Leo niko geto hapa Engutoto, baridi ya Julai imekaza kweli kweli, na kuna jambo linanikera nataka nilitoe.

Wiki iliyopita tumerudishiwa testi ya baiokemia. Swali moja lilikuwa na picha mbili za hemoglobini, moja ya mtu asiye na ugonjwa, nyingine ya mgonjwa wa selimundu (sikoseli kama tunavyoita mtaani), tueleze tofauti. Basi bwana, mimi nikakodoa macho natafuta mundu. Sitanii. Nikaona kakona kamejikunja kwenye picha ya pili, nikakachorea mshale, nikaandika "protini imepinda kama mundu". Nikala sifuri. Nilipotoka nje nikawauliza washkaji, kumbe wengi wameandika hivyo hivyo!

Kinachopinda ni seli nyekundu ya damu. Hemoglobini ni kitu kidogo mno ndani ya hiyo seli, na haina umbo la mundu hata kidogo. Mnyororo wake wa beta una asidi amino 146, na kwa mgonjwa ni moja tu iliyobadilika, ile ya sita: asidi ya glutamiki imeondoka, valini imekaa mahali pake. Vernon Ingram alilionesha hilo kule Cambridge mwaka 1956 na 1957. Glutamiki ina chaji na inapenda maji, valini inayakimbia maji kama mafuta. Hemoglobini ikishaachia oksijeni, ile valini ya nje inajibana kwenye kishimo cha hemoglobini jirani, jirani naye anamshika mwingine, zinakuwa nyuzi ndefu ngumu zinazoisukuma seli mpaka inapinda.

Sasa angalieni kituko. Mchoro wa utepe, ule wa mikunjo-mikunjo tunaooneshwa kila siku, unafuata uti wa mgongo wa mnyororo peke yake. Vile vijimkono vya pembeni vya asidi amino havichorwi. Yaani glutamiki na valini, ambavyo ndiyo ugonjwa wenyewe, HAVIMO kwenye picha! Ukiziweka tepe mbili pamoja zinafanana kama mapacha. Ni kama umchore mtu mifupa tu halafu uulize kavaa shati gani.

Siulaumu utepe. Jane Richardson wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alichora tepe za protini nyingi kwa mkono, zikatoka mwaka 1981, na zilisaidia sana maana kabla ya hapo ukiangalia atomu zote kwa pamoja unaona kichaka. Alifuta makusudi ili tuone mikunjo. Ila mtu akikufutia kitu inabidi akwambie kafuta nini, na sisi hakuna aliyetuambia. Tunaambiwa "picha inajieleza". Inajieleza kwa nani? Mwenzangu mmoja alikuwa anaamini minyororo ya alfa ni myekundu kweli kwa sababu damu ni nyekundu, wakati zile rangi ni za programu tu (wekundu wa damu unatokana na hemu yenye chuma). Mwingine aliona mshale wa beta kwenye protini nyingine akadhani protini inaelekea huko, kumbe unaonesha mnyororo unasomwa kuanzia upande gani. Na hapo tunasomea fotokopi nyeusi na nyeupe za shilingi mia, rangi zote zimekuwa kijivu!

Mtasema ni maksi tano tu za koziwaki. Sawa. Ila mimi nina shangazi, binti yake wa miaka tisa ana selimundu. Mwezi wa tano nilipita kumsalimia, akaniuliza, "Baba, si ndiyo unayosomea haya? Hivi kwa nini kliniki wanasisitiza mtoto anywe maji, na maji hayaondoi ugonjwa?" Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba protini yake imezaliwa imepinda, maji hayawezi kuinyoosha, wanasema tu. Nikiikumbuka hiyo kauli najisikia vibaya hadi leo.

Baada ya ile sifuri niliingia PDB, ile benki ya data za protini iliyoanza 1971, ni bure na inafunguka hata kwenye simu. Andika 4HHB upate hemoglobini ya kawaida, halafu 2HBS upate ya selimundu. Utepe uubadilishe uwe atomu zilizojaa kama matufe. Yale matundu ya kwenye utepe yanazibika, kumbe ndani protini imeshonana. Kwenye 2HBS zipo hemoglobini mbili, tafuta valini ya sita utaiona imezama kwa jirani. Ilinichukua dakika ishirini na bando kidogo.

Hayo ndiyo naomba kwa wahadhiri wetu. Najua darasa limejaa na projekta yenyewe ina siku zake. Ila protini moja ioneshwe kwa michoro mitatu tofauti, tuulizwe kila mchoro umeficha nini. Na kwenye mtihani msituulize kitu ambacho picha imekifuta bila kututahadharisha, huo ni mtego.

Jumapili nilirudi kwa shangazi kujisahihisha. Nikamwambia mwili ukikaukiwa, seli nazo zinapoteza maji, hemoglobini zinasongamana humo ndani na kushikana haraka zaidi, ndiyo maana ya yale maji. Akaniangalia, akasema, "Na mimi nilikuwa nimeshapunguza kumsumbua, kwa ajili yako." Sikuwa na la kujibu. Nikaenda kumwekea mtoto maji ya uvuguvugu kwenye chupa ya chai, maana na hii baridi ya Arusha nayo inaweza kumwamshia maumivu.

Wa vyuo vingine, nyie mnafundishwaje hizi picha? Nawakilisha.